Usiwapigishe magoti: mazoea ya kuzamia yaanze siku ya kwanza

Kuna hii dhana imezoeleka sana kwamba kuelea vizuri chini ya maji ni mambo ya watu wa kozi ya advansi, ati anayeanza apige tu magoti kwenye sakafu ya bwawa, atoe maji kwenye maski, arudishe mdomoni regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya tangi, apite. Mimi nafundisha hapa Nairobi na walimu wachanga nawaambianga waziwazi, achaneni na hayo magoti. Mwanafunzi mpya hana habari kipi ni kigumu na kipi ni rahisi, kile utamwonyesha saa ya kwanza ndicho atakiona cha kawaida. Ukimzoesha magoti, siku amefika baharini kule Diani au Kisite na maji yameingia kwenye maski atatafuta mahali pa kupiga magoti, na pale chini ni matumbawe, mengine yanaongezeka sentimita moja hivi kwa mwaka, anavunja kwa sekunde kitu kilichoanza kukua kabla hajazaliwa.

Kwa hivyo mimi naanza hivi. Lala kifudifudi ndani ya maji, kunja magoti nyayo zielekee juu, kichwa kiinuke uone mbele, mikono uishikanishe mbele ya kifua ili isipigepige maji. Sasa vuta pumzi taratibu na usubiri. Hapo kwa kusubiri ndio kuna kazi, manake ukivuta hewa mwili haupandi saa hiyo hiyo, unachelewa kidogo, na mwenye haraka anabonyeza kitufe cha jaketi, ile inayojazwa hewa ili uelee, anapanda mpaka juu, anashtuka, anatoa hewa yote, anagonga sakafu, na hiyo safari ya juu na chini inaendelea mpaka kipindi kiishe. Lita moja ya hewa mapafuni inakunyanyua karibu kilo nzima, kwa hivyo ukishatulia kitufe hukihitaji sana. Na kusubiri si kubana pumzi! Hewa ya tangi ukiibana huku unapanda inaumiza mapafu, hata kwenye bwawa, hiyo narudia kila kipindi bila kuchoka.

Jamaa mmoja alikuwa anaogopa sana maji ya puani. Nikamweka juu ya ule mstari mweusi wa bwawa, ncha za mapezi tu ndio zinagusa sakafu, nikamwambia fungua ukingo wa juu wa maski kwa kidole kimoja, ingiza maji kidogo tu yafike chini ya macho, alafu toa kwa pua polepole. Akatoa, akashuka kiasi cha shubiri, akavuta pumzi, akarudi palepale juu ya mstari. Mikono haikutikisika. Huyo hajui mpaka leo kwamba wengine huona hiyo ni ngumu.

Lakini usimlaumu mwanafunzi kabla hujaangalia mkanda wa risasi, ule wa vipande vizito vya kumzamisha. Walimu wengi wanaongeza kilo ili mtu azame haraka, na huyo mtu analazimika kujaza jaketi hewa, miguu inaning'inia, kifua kinasimama, kila teke linamsukuma juu badala ya mbele. Mpime ipasavyo: tangi likiwa na bar 50 hivi (bar ni kipimo cha presha ya hewa ndani ya tangi), jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yamfike machoni, akitoa pumzi azame taratibu. Ukimpima tangi likiwa limejaa, kumbuka hewa yenyewe ina uzito, tangi la lita 12 likitoka bar 200 mpaka 50 limepungua karibu kilo mbili. Alafu bwawa letu ni maji yasiyo na chumvi, baharini kwa chumvi mtu wa kawaida ataongeza kama kilo mbili, pima tena kule, usikisie.

Teke la chura wafundishe mapema pia, halitimui mchanga, basi.

Kuhusu hewa, nina zoezi moja nalipenda sana. Katikati ya mchezo wowote namuuliza kwa ishara uko na bar ngapi, na lazima akisie kwanza ndio aangalie geji. Mwanzoni anakosea sana, baadaye anapatia karibu kabisa, na hiyo ndiyo hali unataka awe nayo baharini, manake mita 10 chini unatumia hewa maradufu ya ile ya juu, mita 20 mara tatu. Akubaliane na mwenzake kabla ya kuingia: kwa bar fulani tunageuka, kwenye boti tunapanda na 50 ingali ndani.

Na sisi wa Nairobi tuna jambo moja watu wa Pwani hawana, kurudi nyumbani ni kupanda. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mwili uliozamia bado una naitrojeni ndani yake inayoweza kugeuka mapovu ukipanda juu haraka, kwa hivyo usifikirie treni ya SGR ni salama kwa sababu haipai kama ndege. Mimi natumia mwongozo uleule wa ndege: ukizamia mara moja tu subiri angalau saa 12, ukizamia mara kadhaa au siku kadhaa saa 18 au zaidi. Waambie wanafunzi hivyo kabla hawajakata tiketi, na ratiba waipange wenyewe mbele yako: Jumamosi kuzamia, Jumapili kupumzika ufukweni, Jumatatu treni.