Jarida na Leja katika Hesabu za Duka Dogo

Wafanyabiashara wengi wa Busia ninaowasaidia kuweka hesabu, upande huu wa Uganda, huniletea kaunta buku moja ambamo mauzo, madeni, pango na ada za watoto vimeandikwa kwa kufuatana. Daftari hilo linaonyesha yaliyotokea siku hadi siku, lakini ukitaka kujua nani anadaiwa kiasi gani, sharti ufunue kurasa zote.

Ndiyo maana ninasisitiza madaftari mawili. Jarida hupokea kila muamala siku ileile, pamoja na maelezo mafupi na namba ya ankara au stakabadhi. Leja huyapanga maingizo hayohayo kwa akaunti, kila akaunti na ukurasa wake. Tuseme fundi amekopa mifuko 20 ya saruji kwa shilingi 34,000 kila mmoja. Katika jarida utaidebiti akaunti yake 680,000, yaani kuandika upande wa kushoto, na kuikrediti akaunti ya mauzo kiasi hichohicho, yaani upande wa kulia. Akilipa 400,000 kwa simu, ukurasa wake katika leja utaonyesha kwamba amebakiza 280,000, na hakutakuwa na ubishi dukani. Ada za watoto nazo ziwe na akaunti ya fedha alizochukua mwenye duka, zisichanganywe na gharama za biashara. Kando ya kila ingizo la jarida andika namba ya ukurasa wa leja. Wengi huiacha safu hiyo wazi, ilhali ndiyo itakayokuokoa siku hesabu zitakapokataa.

Mwisho wa mwezi, pande mbili za urari, yaani orodha ya masalio ya debiti na krediti ya akaunti zote za leja, zikitofautiana kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9, anza kutafuta tarakimu zilizopinduliwa, kama vile 540,000 iliyoandikwa 450,000. Usipoziona, tafuta kiasi kilicho nusu ya tofauti hiyo, kwani huenda kimeingizwa upande usio wake. Hata urari ukilingana, zipitie akaunti za wadaiwa, maana deni la fundi mmoja likiandikwa kwa mwenzake, urari hautalifichua.

Kodi nayo inahusika. Kwa viwango vya Uganda vilivyoanza Julai 2020, mwenye duka anayeuza milioni 20 kwa mwaka bila kumbukumbu hulipa 80,000, lakini mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10, yaani 40,000. Madaftari yakijaa usiyatupe, kwa kuwa sheria inataka yahifadhiwe miaka 5.