Kabla ya Kununua Betri Nyingine, Pima Ethi

Nilibadilisha betri mbili kwa muda wa miezi minne, na zote mbili zilikuwa nzima. Kilichooza kilikuwa waya wa ethi, ule mnene unaotoka kwenye hasi ya betri hadi kwenye injini. Wakati huo nilikuwa nabeba samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi mjini. Njia ile inapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, na upepo wa baharini unaila shaba kimyakimya.

Kila asubuhi starta ilizunguka kwa uzito. Fundi akasema betri, nami nikatoa pesa. Taa ya betri kwenye dashibodi haikuwaka hata siku moja, kwa sababu alteneta, mashine ya kuchaji betri, yenyewe ilikuwa inachaji sawasawa. Ila chaji haikuwa inafika yote kwenye betri.

Nunua mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo. Gari likilala usiku kucha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ukiona 12.2 imebaki nusu. Washa injini. Kwa magari mengi inatakiwa ipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, angalia mkanda unaoizungusha alteneta, kisha brashi za alteneta. Ikipita 15, regyuleta, kidhibiti cha volti, imekufa na inachemsha betri.

Yangu ilisoma 13.2, nikadhani si mbaya. Hapo ndipo watu wengi tunapopotea. Injini ikiwa inanguruma na taa kubwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, juu ya risasi yenyewe, si kwenye klempu. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Mita isizidi volti 0.2; ikizidi, umeme unapotea kwenye ethi. Mimi nilikuta karibu volti moja nzima. Nilipokata plastiki ya ule waya, ndani mlikuwa na unga wa kijani.

Ukikuta kutu juu juu tu, osha kwa maji moto yenye magadi, piga msasa, kaza, kisha paka grisi. Waya ukiwa wa kijani ndani, usiuhangaikie, weka mpya. Ukifungua, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Na tafadhali, fundi akitaka kuchomoa betri injini ikiwa inazunguka "kuijaribu alteneta", mzuie. Umeme huruka ghafla, ukaunguza dayodi za ndani ya alteneta na hata kompyuta ya gari.