Maswali ya Wasomaji: Gemu Inayokuita Kila Asubuhi

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wamechoka, na nilipozisoma mfululizo nikaona karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: naruhusiwa kuiweka gemu chini? Najibu kama mtu anayecheza usiku baada ya kazi, simu au padi, chochote kilicho karibu.

Kaka mambo vipi. Nacheza Genshin Impact kwenye simu tangu ilipotoka 2020. Siku hizi naamka, namaliza zile kazi nne za kila siku, natumia resini (ile nguvu ya kuchukulia zawadi), nafunga. Stori siifuati tena, ipo nyuma huko. Ila nikisema niache roho inauma, nina miaka humu ndani. Nifanyeje? (Mzee wa Teyvat)

Poa ndugu yangu. Kwanza gemu yenyewe ni nzuri, hilo sibishani na mtu. Siku ya kwanza nimefika nchi ya Liyue humo ndani nikapanda mlima, ule muziki ukaanza taratibu na jua linachomoza kwenye kioo kidogo cha simu, nilisimama tu pale naangalia, nikasahau hata nilikuwa naenda wapi. Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini ulikaa.

Ila hebu tupige hesabu, maana hesabu ndo itakuonyesha umeshikwa wapi. Resini inaishia 200 na inajaa moja kila dakika 8, kwa hiyo kutoka sifuri mpaka kujaa ni dakika 1,600, yaani saa 26 na dakika 40. Ukiimaliza yote leo saa mbili usiku, kesho saa nne na dakika arobaini usiku imejaa na imesimama, na kuanzia hapo kila dakika unahisi unapoteza kitu. Ona walivyoipima! Siku nzima na kaupenyo kidogo. Hiyo namba imepangwa ili usipitishe siku bila kufungua.

Sasa njoo kwenye wahusika. Unawapata kwa kuvuta kama bahati nasibu, na kuvuta mara moja ni primogemu 160, yaani vito vya ndani ya gemu. Uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano, wa daraja la juu, kwa kila mvuto ni asilimia 0.6, na gemu inakuhakikishia ukifika mvuto wa 90, lakini huyo wa kwanza anaweza asiwe yule unayemtaka, wa pili ndo lazima awe yeye. Kwa hiyo ukiwa na mkosi kabisa ni mivuto 180, primogemu 28,800. Zile kazi nne za siku zinakupa 60. Gawanya mwenyewe, siku 480, kwa mhusika mmoja. Najua matukio yanaongeza, kuzunguka ramani kunaongeza, lakini wewe umesema hufanyi hivyo tena, unafungua na kufunga, kwa hiyo hesabu yako ndo hii.

Ushauri wangu, usifute. Acha kazi za siku mwezi mzima, resini ijae isimame, haina kosa. Stori kuu haikimbii, zinazopita ni zile event, matukio ya muda, kwa hiyo siku ukijisikia unarudi unakuta pale pale ulipoishia, unaifuata kama mtu anayesoma kitabu bila kugusa kazi hata moja. Mimi niliwahi kuweka alamu ya saa kumi alfajiri kwa ajili ya gemu ya aina hii, sio hii yako, ili event isifungwe kabla sijachukua zawadi, nikakaa kitandani gizani nabonyeza huku macho yanauma, na hiyo zawadi mpaka leo sikumbuki ilikuwa nini. Hiyo asubuhi ndo niliacha. Na ile miaka unayosema umeweka, bro, ilishakulipa siku ile ulipokuwa unafurahia.

Nimeanza Elden Ring wiki tatu zilizopita, nimekwama kwa bosi Margit pale kabla ya kuingia ngome ya Stormveil. Washkaji wanasema nikiita roho za kunisaidia nimedanganya, sijaimaliza kihalali. Ni kweli? (Niliyekwama Darajani)

Sio kweli hata kidogo na washkaji zako wanakunyima raha bure. Ile kengele ya kuitia roho unapewa na mchawi pale Kanisa la Elleh, usiku, mwanzoni kabisa mwa gemu, na ukienda kwa Margit kabla hujavuka ukungu wa mlangoni kwake kuna alama ya dhahabu chini, ukiigusa mhusika anayeitwa Rogier anakuja kupigana upande wako. FromSoftware, watengenezaji, wameviweka wenyewe, mkononi mwako, kabla ya bosi mkubwa wa kwanza. Mtu akikupa mwavuli mlangoni alafu mwingine anasema kuutumia ni udhaifu, utamsikiliza nani?

Kuhusu Margit mwenyewe, nakwambia kinachokuua bila hata kukuona ukicheza. Anainua ile fimbo juu, wewe kidole kinaenda kwenye kitufe cha kukwepa, unaviringika, unasimama, na hapo ndo fimbo inashuka. Anaichelewesha makusudi. Anakusubiri wewe! Kwa hiyo usiangalie fimbo ikipanda, angalia bega lake likianza kushuka ndo ubonyeze. Jaribu mara tano bila kupiga hata pigo moja, kazi yako iwe kukwepa tu, utaona mkono wenyewe unaanza kumjua.

Na ukiona bado, ondoka. Hii ndo sababu naipenda hii gemu kuliko karibu kila kitu nilichoshika tangu 2022. Geuza farasi nenda kusini, Peninsula ya Weeping, kuna Castle Morne kule, kuna mapango, okota mawe ya kunolea, rudi Kanisa la Elleh kuna fuawe, silaha yako inafika ngazi ya +3 hapo hapo. Ukirudi darajani wewe ni mtu mwingine na Margit ni yule yule.

Nalisema hili kwa sababu nimetoka kwenye Silksong, ile gemu ya Team Cherry iliyotoka Septemba 2025, na moyo wangu umegawanyika. Mikono inaipenda sana, Hornet, mhusika unayemwongoza, anavyoruka ni raha tupu, ila saa za mwanzo zinabana. Una maski 5 za uhai alafu mabosi na baadhi ya maadui wanakutoa 2 kwa pigo moja, yaani mapigo matatu umekwisha, na kuna mabenchi ya kupumzikia mpaka ulipe shanga. Wenyewe walitoa apdeti mapema ikalegeza mabosi wawili wa mwanzo, nadhani walisikia. Ukikwama kule, njia za kuzungukia mwanzoni ni chache. Kwa Elden Ring dunia nzima ni njia ya kuzungukia.

Kila mwaka gemu ya mpira inatoka mpya, ninunue au nibaki na ya zamani? (Namba Tisa)

Baki nayo. Tangu FIFA ilipobadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023 nimecheza kila moja, na kitu kinachonigusa kwa kweli ni majina ya vikosi tu. Kama unacheza na rafiki aliyekaa pembeni yako kwenye kochi, kikosi cha misimu miwili nyuma hakipunguzi kelele hata kidogo. Kama unacheza onlaini na wote wamehama, hapo nakuelewa, lakini ruka mwaka mmoja kila mara.

Naomba gemu za simu ambazo hazihitaji intaneti, hazina matangazo, na naweza kukatisha katikati nikiitwa. Naona kama hazipo tena. (Msafiri)

Zipo dada/kaka, sijui nikuiteje maana hukusema! Anza na Balatro. Imetengenezwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk, ikaingia kwenye simu Septemba 2024, unalipa mara moja basi, ndani hakuna wa kukuomba hela tena. Ni karata za poka lakini hata kama poka hujui itakufundisha. Raundi ya kwanza unatafuta pointi 300, unazipata kwa kucheza mara chache tu, unaona rahisi. Alafu unanunua jokeri, zipo 150, moja inaongeza kila ukicheza kopa, nyingine inazidisha kile ambacho ya kwanza imeongeza, ghafla namba zinawaka moto kwenye kioo, moto kweli wa kuchorwa, na wewe umeshika pumzi. Ukiitwa unafunga, ukirudi karata zako ziko vile vile mezani.

Ya pili ni Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake zaidi ya miaka minne, picha, muziki, maneno, kila kitu yeye. Ni shamba lako, lime unavyotaka. Kuna kitu kimoja humo nakipenda sana: mwaka wa 3 ukianza, roho ya babu yako inakuja kuangalia umefanya nini na shamba alilokuachia, na kama hujaridhika na alama alizokupa unaweka almasi kwenye kaburi lake, anakuja tena kukuangalia upya. Mara ngapi? Mara unazotaka. Mimi alinipa mishumaa miwili, ndo alama zake hizo, nikaweka almasi, nikaendelea kulima kwa amani.

Kama una nusu saa tu, Vampire Survivors (kwenye simu matangazo yapo ila ni ya hiari), maana mizunguko mingi dakika ya 30 kifo kinakuja chenyewe kukufuata.

Kijana wangu ana miaka saba, ana PS5 aliyoachiwa na kaka yake. Nataka tucheze wote lakini mimi sijawahi kushika padi. (Mama wa Wawili)

Mama, hii barua imenifurahisha mno. Kabla hujanunua chochote tafuta Astro's Playroom, imo tayari ndani ya mashine, bure. Karoboti kadogo. Mwambie kijana akutembeze juu ya mchanga, alafu juu ya kioo, alafu chuma, na wewe ushike padi ufumbe macho, utahisi kwenye viganja ni sakafu gani.

Mkiimaliza nendeni Astro Bot ya 2024. Ni ya mchezaji mmoja lakini sikiliza tunavyocheza kwetu: Astro akiguswa mara moja tu anakufa, na anarudi hapo hapo karibu bila kusubiri, kwa hiyo anayekufa anampa mwenzake padi. Kuna roboti zaidi ya 300 za kuokoa, zingine zimejificha kwenye kona za ajabu, na hapo ndo utamshinda, kwa sababu yeye atakuwa anakimbia mbele na wewe mgeni unatembea taratibu unaangalia nyuma ya kila kitu. Mwanzoni utakufa kila sekunde kumi na atakunyang'anya padi, mwache tu. Kitufe cha kuruka ni kile chenye alama ya X, ukikibonyeza tena hewani ukakishikilia anaelea.