Angalia Mnyama Kwanza: Kwa Wanaoanza Kazi ya Ustawi wa Wanyama Nakuru

Kila mwaka tunapokea vijana wapya. Kuna wanafunzi wa afya ya mifugo waliotumwa kwa mafunzo ya kazini, kuna wanaojitolea, na kuna wale ambao siku moja walimwona punda akichapwa barabarani wakashindwa kupita tu. Karibuni nyote. Nawaandikia kwa sababu wengi wenu mnafika na huruma nyingi na hasira nyingi, na hasira hiyo ndiyo inayowaziba macho. Mnamwona mwenye fimbo, punda hammwoni.

Kwa hivyo nasema mapema: angalia mnyama kwanza, umalize kumwangalia, ndipo umgeukie mwenyewe. Matibabu, mazungumzo na mashtaka vyote vitategemea ulichokiona kwa mnyama na ukakiandika palepale.

Hapa kwetu mnyama utakayekutana naye zaidi ni punda wa mkokoteni. Rhonda, Kaptembwo, Free Area, Njoro, mpaka Naivasha, maji na makaa na mchanga vinamfikia mtu kwa mgongo wake. Piga hesabu ya mzigo mmoja wa kawaida: mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, na bado mkokoteni wenyewe. Punda wetu wa kienyeji akiwa mzima ana kilo 150 hivi. Magurudumu yanamsaidia kwenye barabara tambarare, lakini mlimani au kwenye tope hesabu inabadilika kabisa. Ukimkuta amesimama katikati ya kilima hataki kusonga, usikubali maelezo ya kwamba ni mkaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, au akiona mbele hapapitiki, husimama. Kumchapa hapo ni kumwongezea kile kilichomsimamisha.

Punda haoneshi maumivu upesi. Ng'ombe akiumwa utajua. Punda atafanya kazi na jeraha linalonuka. Kwa hivyo usingoje alie. Tazama masikio yaliyolegea, kichwa kilichoinama hata baada ya kupumzika, mguu mmoja unaohamishwa-hamishwa, mkia uliobanwa. Pitisha mkono juu ya mbavu na mgongo, kwa maana manyoya huficha ukondefu. Inua kwato moja baada ya nyingine. Utashangaa ni mara ngapi utatoa jiwe au kipande cha waya. Fungua kinywa uone kama lijamu limetengenezwa kwa waya au chuma chenye kutu. Na maji: wengi wenu mmefundishwa kuvuta ngozi ya shingo kuona kama inarudi upesi. Kwa punda kipimo hicho kinadanganya. Mpe ndoo ya maji safi akiwa ametulia, umwangalie anavyokunywa. Utasikia watu wakikuambia punda ni mnyama wa jangwa, hahitaji maji mengi. Mnyama huyohuyo amebeba mitungi 20 tangu alfajiri, na hakuna aliyemfungulia hata mmoja.

Sasa kidonda. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi yetu ilipo.

Kulikuwa na punda mmoja jike pale Kaptembwo, mwenye kidonda kipana kama kiganja, juu pale shingo inapokutana na mgongo. Kilikuwa kimepakwa oili chafu ya gari, jambo linalofanywa sana mtaani kwa kuamini kwamba inafukuza nzi. Mwanafunzi tuliyekuwa naye alitaka kijana aliyemwendesha akamatwe mara moja. Nikamwomba atazame mkokoteni. Ekseli ilikuwa imefungwa nyuma mno, na mitungi ikapangwa mbele, kwa hivyo uzito wote ulikuwa unashuka kwenye miti miwili ya mkokoteni inayompita punda ubavuni na kutua juu ya mabega. Mkanda wa mgongoni ulikuwa ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, bila chochote cha kuzuia usimkate. Kila shimo la barabara lilikuwa linausukuma ndani ya nyama. Ungemtibu punda yule mwezi mzima, ukamrudisha kwenye mkokoteni uleule, kidonda kingerudi katika wiki moja.

Dawa yake ilikuwa fundi wa kuchomelea, ambaye alisogeza ekseli mbele, na tandiko la gunia lililoshonwa mara mbili na kujazwa nguo kuukuu. Kidonda kilioshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na punda akapumzishwa kabisa. Mpangilio wa mizigo tulimfundisha kijana papo hapo: uzito ukiwa mbele ya ekseli unamlemea punda mabegani, ukiwa nyuma unanyanyua miti na mkanda wa tumbo unamkaba. Ukiwa sawa, unaweza kuinua miti ile kwa mkono mmoja. Jaribuni wenyewe kabla ya kumfundisha mtu.

Huyo kijana, kama wengi wa wenzake, hakuwa mwenye punda. Punda na mkokoteni hukodishwa kwa siku, na jioni lazima kiasi fulani kimfikie tajiri, yaani mwenye punda, mvua inyeshe isinyeshe. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mitungi inazidi na kwa nini hakuna muda wa kupumzika. Halimwondolei aliyeshika fimbo wajibu wake, lakini linakuonesha mtu wa pili ambaye kwa kawaida hayupo barabarani. Sheria yetu inamwona huyo pia: mwenye mnyama asiyechukua uangalifu unaostahili anaweza kuwajibishwa kwa ukatili uliotendwa na aliyekabidhiwa mnyama huyo.

Sheria yenyewe lazima muisome, si kusimuliwa. Ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, iliyotungwa 1962, kabla hata ya uhuru. Inataja kumpiga mnyama kikatili, kumtesa na kumtia hofu, kumpakia kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana jeraha linalomfanya asifae kazi hiyo, kumsafirisha au kumfungia kwa namna inayomtesa, kumnyima chakula au maji, kumtupa, na kumpa sumu bila sababu ya haki. Kiini chake ni mateso yasiyo ya lazima. Kwa hivyo haitoshi kuandika kwamba punda alikuwa na kidonda. Andika kilichokisababisha na jinsi kingeweza kuzuiwa, na hapo umeonesha kwamba mateso hayakuwa ya lazima. Mnaona sasa kwa nini nilimzuia yule mwanafunzi: ekseli ile ndiyo ingekuwa ushahidi.

Adhabu ni ndogo, na inaniuma kusema hivyo. Faini ya juu ni shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Shilingi 3,000 hazinunui punda popote katika soko la mifugo la eneo hili. Wapo wanaokata tamaa wakisikia hivyo na kusema sheria haina maana. Mimi siamini hivyo. Miezi sita ni miezi sita, na mahakama ina uwezo wa kumnyang'anya mtu mnyama aliyemtesa. Zaidi ya hapo, ukimsomea mtu kifungu kinachomhusu, kwa lugha anayoielewa na kwa heshima, mara nyingi anabadilika bila kuona korti. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba sheria kama hiyo ipo.

Ukishamaliza kumwangalia mnyama na kumgeukia anayemwendesha, salimia kwanza. Kama ni mzee, mwite mzee na umuulize hali ya kazi. Kama ni kijana, usimwite mjinga mbele ya wateja wake. Muulize jina la punda. Mara nyingi ana jina, na mtu akishalitaja, mazungumzo yanaendelea kwa sauti nyingine. Na msitumie ile methali ya shukrani ya punda ni mateke kama sehemu ya mzaha. Nimeisikia ikitumiwa kuhalalisha mengi mabaya.

Lakini kuna mahali ambapo maneno mazuri yameisha. Mtu aliyeonywa, akaelekezwa, akapewa tandiko, kisha ukamkuta anamchapa punda palepale kwenye kidonda, huyo ni wa polisi. Mtu anayewatilia sumu mbwa wa jirani pia ni wa polisi siku hiyohiyo, hakuna onyo la kwanza. Jambo hili la mbwa liko sana mijini, Nakuru na Kisumu vilevile, na kisingizio huwa kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu ugonjwa ule karibu kila mara huua. Ila kuua mbwa ovyo hakuuondoi; chanjo ndiyo inayouondoa. Lengo ni kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030 uliiweka Kisumu na Siaya miongoni mwa kaunti za kuanzia. Mtu akikuambia mbwa wa mtaa wauawe, mpeleke kwenye siku ya chanjo.

Kuhusu kuku wanaoning'inizwa kichwa chini kwenye boda boda, na mbuzi waliofungwa miguu juu ya paa la matatu: ni makosa, kanuni za usafirishaji wa wanyama zipo tangu 1984, na karibu kila mtu anazivunja sokoni. Anzeni na wauzaji wanaotumia vizimba, muwasifu hadharani.

Wenye kupanda hadi Kakamega wataniuliza kuhusu mapigano ya fahali ya Khayega na Shinyalu. Sheria inakataza kupiganisha wanyama, na mapigano yale yanafanyika mchana kweupe, viongozi wakiwa wamekaa mbele. Kwa Waisukha na Waidakho ni jambo zito, linaenda pamoja na ngoma ya isukuti ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nami nasema wazi kwamba ngoma ingeishi vizuri bila pembe kuingia ubavuni mwa mnyama. Hata hivyo, mgeni asianzie huko kwa kupiga kelele. Anzia kwa fahali mwenyewe baada ya pambano: nani anasafisha majeraha, amesafirishwaje, alipewa nini kabla ya kuingia uwanjani. Wenye fahali huwapenda sana wanyama wao na watakusikiliza kuhusu majeraha kabla hawajakusikiliza kuhusu mengine.

Jambo la vichinjio mlijue pia, maana liligusa mlango wetu. Kuanzia 2016 punda walichinjwa kwa wingi Naivasha na Mogotio, ngozi zikapelekwa China kutengenezwa dawa ya asili iitwayo ejiao. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mmoja, kwa hivyo hakuna namna angeweza kwenda sambamba na kisu. Wizi ulienea, na watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu, wengine wakaokota mabaki ya punda wao vichakani. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta milioni 1.1 na ushei. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwanzoni mwa 2020, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ukiona punda wengi wanasafirishwa pamoja bila kibali cha kuhamisha mifugo kutoka kwa ofisi ya daktari wa mifugo, piga simu polisi kabla lori halijaondoka. Usilifuate wewe.

Mwisho, kesi. Ukifika kituoni hakikisha umepata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na uiandike mahali pawili. Picha zako ziwe na tarehe, zioneshe mnyama mzima, kisha jeraha karibu, kisha mkokoteni na mikanda. Ripoti ya kitaalamu iandikwe na mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kwa sababu korti itauliza, na wewe mwanafunzi bado hujasajiliwa. Andika ulichokiona, usiandike ulichokihisi. "Kidonda cha sentimita kumi, kina usaha, mkanda wa tyubu umekaa juu yake" itasimama mbele ya hakimu. "Punda aliteseka sana" itapigwa maswali mpaka ianguke.

Na kabla hujaenda kituoni, jibu swali hili: punda atalala wapi leo? Kesi inaweza kuahirishwa mara nyingi, na mnyama ni kielelezo cha ushahidi anayehitaji nyasi na maji kila siku. Nimeona punda akifungwa nyuma ya kituo bila ndoo ya maji, kwa jina la kumwokoa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya ustawi wa wanyama, ikiwemo mahali pa kuwahifadhi na kuwatunza. Nenda ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo mapema, ujue zizi liko wapi, funguo ziko kwa nani, na nyasi zinalipwa kutoka mfuko gani. Kama jibu ni kwamba hakuna zizi, tafuta mkulima wa karibu aliye tayari, mwandikiane mbele ya afisa wa polisi anayeshughulikia kesi, halafu ndipo umpeleke punda.