Chama chetu kinunue boti la mto?

SWALI: Shikamoo mzee. Chama chetu hapa Kasarani kinataka kununua boti la mpira, tuwapeleke watu kuteremka mto Tana kule Sagana. Lakini uchumi ni mgumu, kila mtu analia. Tutapata wateja kweli?

JIBU: Marahaba. Nilishika kasia Sagana miaka sita, na nilichoona ni kwamba hali ikiwa mbaya mchezo huu haufi, bali mteja hubadilika. Mwaka 2020 korona ilipowafungia wageni nje, waliokuja ni vijana wa Nairobi. Sagana ni kama kilomita 100 tu. Unatoka alfajiri, jioni uko nyumbani, hoteli hulipii. Anayeahirisha likizo ya pwani kule Diani anaweza kumudu hiyo.

Msiwategemee wafanyakazi wanaoletwa na kampuni zao. Bajeti ya matembezi ndiyo hukatwa kwanza, hata kabla ya chai ya ofisini.

Kinachonitia wasiwasi ni vifaa. Boti, kofia ngumu na maboya ya kuvaa huagizwa ng'ambo, kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160! Boya likichakaa huwezi kumwambia mteja avumilie, avae hivyo hivyo.

Kwa hiyo msinunue kwanza. Kodisheni boti pamoja na mwongozaji wake, wikendi chache, mvua za Machi hadi Mei zikishajaza mto, ila si siku za mafuriko. Mkijaza viti mara tatu mfululizo, niandikie tena, tuzungumzie bima.