Mururue ni ndugu wa nani?

SWALI: Hamjambo wahariri. Huku kwetu Nyeri kuna ule mmea wa kupanda juu ya miti, una miiba imepinda kama kucha za paka, tunauita mururue, na mamangu huchemsha mizizi yake mtu akishikwa na kikohozi. Nimesoma kwamba uko familia moja na mchungwa na jina lake ni Toddalia asiatica, lakini app ya simu inaniambia Zanthoxylum asiaticum. Nishike lipi?

JIBU: Mmea ni uleule ndugu yetu, familia ni ileile, ni jenasi tu (lile kundi dogo ndani ya familia) imebadilishwa. Kuwa kwake familia ya mchungwa kusikutie shaka, finya jani unuse, halafu liinue juani utaona vitone vinapitisha mwanga, hivyo ni vifuko vya mafuta, kama vya jani la mlimau.

Shida ilianza zamani. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, mwaka 1753 aliuingiza kwenye jenasi Paullinia, yaani huko kwa kina mshokishoki (hata wakubwa hupotea njia!). Mwaka 1789 Jussieu, mtaalamu wa mimea Mfaransa, akautengea jenasi yake, Toddalia, jina lenyewe limetokana na kaka-toddali, jina la mmea huu huko Malabar, India, na kwa muda mrefu jenasi nzima imehesabiwa kuwa na spishi hii moja tu.

Sasa ndugu zake ni nani? Wataalamu wakatazama tunda, wakaona lina nyama, rangi ya chungwa, halipasuki, wakasema basi huyu ni jamaa ya Vepris, jenasi nyingine ya familia hiyo ya mchungwa, maana na zenyewe matunda yake yana nyama. Lakini Vepris hazina miiba bwana, na mimi hapo ningeshuku mapema. Mwenye miiba ni mjafari, huyo ni Zanthoxylum, ila tunda lake hukauka likapasuka na mbegu nyeusi inayong'aa ikachungulia, ndiyo maana waliwekwa mbalimbali. DNA ilipopimwa ikaonekana mururue uko na kina mjafari, lile tunda la nyama limejitokeza kivyake tu. Ndiyo mwaka 2018 ukahamishiwa Zanthoxylum, na asiatica ikageuka asiaticum kwa sababu ya sarufi ya Kilatini, si kosa la app.

Vitabu vingi bado vinaandika Toddalia, kwa hiyo kwenye daftari lako andika jina jipya na la zamani ulitie kwenye mabano. Mama aendelee kuuita mururue.