Maswali yenu: umri na mbio zinazopita marathoni

*Nina miaka 43, niko Igoma. Siku hizi kwenye kilomita 10 vijana wananiacha mbali. Kilomita 50 nitaziweza kweli?*

Utaziweza kaka, na huenda huko ndiko ulikostahili kuwa. Umri huanza kwa kula kasi: mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka, na misuli ya kuchomoka hunywea kabla ya ile ya kuvumilia. Kwenye kilomita 10 upungufu huo unaonekana waziwazi. Ukikaa barabarani saa sita au saba, mambo mengine ndiyo yanaamua: kujipimia mwendo, tumbo linalokubali chakula ukiwa unakimbia, kichwa kisichotaharuki miguu ikigoma. Hayo huja na miaka. Mgiriki Yiannis Kouros alikimbia kilomita 303 ndani ya saa 24 mwaka 1997, akiwa na miaka 41, na rekodi yake ikadumu zaidi ya miaka 20. Aleksandr Sorokin wa Lithuania, aliyeivunja, alifika kilomita 319 mwaka 2022 akiwa na miaka 40.

*Kuna umri wa kuacha?*

Sijauona. Wally Hayward alimaliza Comrades ya Afrika Kusini, karibu kilomita 90, mwaka 1989 akiwa na miaka 80.

*Nina miaka 22, kila alfajiri napiga mchakamchaka Bwiru. Nianze kilomita 100 mwaka huu?*

Subiri, mdogo wangu. Kasi uliyo nayo leo itumie kwenye kilomita 10 na nusu marathoni. Pumzi hujengeka haraka, kano na mifupa huchelewa. Mkimbiaji wetu wa Tanzania, Alphonce Simbu, alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016; dhahabu ya dunia ya marathoni aliipata Tokyo 2025, akiwa na miaka 33.

*Mimi ni mwalimu mstaafu wa Nyegezi, miaka 61. Wanangu wananicheka nikivaa raba.*

Shikamoo mama. Wasimulie habari za Cliff Young, mkulima wa viazi wa Australia. Mwaka 1983, akiwa na miaka 61 kama wewe, alishinda mbio za Sydney hadi Melbourne, kilomita 875, akiwatangulia vijana. Ila kwa umri wako mwili huchelewa kupona, kwa hiyo baada ya mbio ndefu pumzika siku mbili au tatu. Pima presha na sukari kabla hujaanza. Milima ya Capri Point ipande kwa kutembea. Hata mabingwa wa mbio hizi hutembea mlimani. Kifua kikibana, simama na uende hospitali siku hiyohiyo.